Nilikiri Nimepona Huku Damu Inanitoka

Nina umri wa miaka hamsini na miwili. Ni mke, ni mama wa mabinti wawili, na nina hoteli ndogo hapa Kitengela, nyuma ya soko, ambako napika chapati na supu ya mbuzi. Watu huniita Mama Silantoi, kwa jina la binti yangu mkubwa. Mimi ni Mkamba wa Machakos niliyeolewa Umaasaini. Mume wangu, Lemayian, ni mfanyabiashara wa mbuzi katika soko la Kiserian.

Naandika haya nikiwa na hasira, wala sitawaficha. Kuna watu wameniambia nisamehe, ninyamaze, nimwachie Mungu. Nimemwachia Mungu yaliyo yake, lakini haya mengine nitayasema mwenyewe!

Wasomaji wenzangu, mambo yangu yalianza kama mzaha. Hedhi ilianza kuruka. Mara ije, mara ipotee, mara ije kwa fujo kama mgeni aliyekosewa, hatimaye ikakatika kabisa. Nilifurahi! Nani angelilia kitu kama hicho? Nilichukua pedi zilizobaki nikampa Silantoi, nikamwambia mimi na hivyo vitu tumeagana.

Kumbe nilikuwa nimemsindikiza mgeni mmoja huku mwingine akiingia kwa mlango wa nyuma...

Joto! Wanawake wa rika langu mnanielewa bila kuambiwa zaidi. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika masikioni, na kabla hujajua kinachoendelea, nguo imeloa mgongoni. Mwanzoni nilisingizia jiko. Nilimwita fundi akapanua dirisha la hoteli. Lakini hata Julai, upepo wa tambarare ulipokuwa ukipiga mabati na wateja wamejikunyata na majaketi yao, mimi nilikuwa nikisukuma chapati huku jasho linachuruzika. Mteja mmoja akanitania kwamba chapati zangu siku hizi hazihitaji chumvi. Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya hoteli nikalia.

Nililia sana siku hizo. Nililia kwa sababu kitunguu kimekwisha. Nililia kwa sababu Silantoi ameuliza nimeweka wapi funguo, nami nilikuwa nimezishika mkononi. Usingizi ulinihama. Lemayian alivumilia mpaka akachoka, akabeba shuka lake akahamia kwenye kochi. Alisema hawezi kulala na mtu anayefungua dirisha na kulifunga usiku kucha kana kwamba anaviziwa na mwizi.

Ningemwambia nani? Mama yangu mzazi alishafariki. Katika vitabu wanasema mtu amekoma hedhi. Sisi kule sokoni hata jina hatuna, tunasema "ile kitu ya wamama" na kuangalia kando. Mtu mmoja tu ndiye niliyeweza kumfungulia moyo wangu, naye ni Mama Precious.

Mama Precious alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Tulihamia Kitengela wakati mmoja, tukaanza biashara wakati mmoja. Mimi nilikuwa na jiko langu na yeye alikuwa na nguo zake za mitumba ng'ambo ya njia. Kanisani tulikaa benchi moja. Nilipojifungua Silantoi, yeye ndiye aliyenipikia uji. Ningemwamini nani kama si yeye?

Tena yeye joto lilimwanza kabla yangu. Nilikuwa nikimwona akijipepea kwa kipande cha katoni, analoa, anakauka, analoa tena. Halafu ghafla nikaona amekauka kabisa! Uso mkavu, anacheka, analala. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Jumapili ya akina mama, Mama Precious alisimama mbele ya kanisa, akashika maiki, akatoa ushuhuda. Alisema joto lilikuwa limemtesa, akaomba, na Mungu akamwonyesha miti. Miti ya Kimaasai, kutoka kwa wazee wa kijiji cha Oltepesi. Akainywa, akapona. Kanisa lilipiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Haukupita muda, akaanza kuuza unga wa kahawia katika chupa zilizokuwa za asali.

Mimi nilikuwa wa kwanza kununua.

Unga ule ulikuwa na masharti. Uchemshwe, unywewe asubuhi na jioni ukiwa moto. Ndiyo, mmesoma vizuri, dawa ya kuondoa joto inywewe moto! Nisinywe maziwa, mimi niliyeolewa katika boma ambalo maziwa ndiyo salamu. Nisichanganye na dawa yoyote ya hospitali, kwa sababu eti zitapigana tumboni. Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa hili: nisiseme kwamba bado ninaumwa.

Ambao hamjasali katika makanisa yetu madogo ya mabati, ngojeni niwaeleze. Sisi tuna jambo linaloitwa kukiri uponyaji. Ukishaombewa, unatangaza kwamba umepona, hata kama bado unaumwa. Ulimi una nguvu, tunaambiwa. Ukisema umepona, unauita uzima. Ukisema bado unaumwa, umeurudisha ugonjwa kwa mdomo wako mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na homa ya kutetemeka, ukimwuliza habari, anakujibu, "Niko mzima kwa jina la Yesu!" Sisemi imani ni mbaya. Imani ninayo hadi leo. Nasema tu kwamba mimi nilifungwa mdomo kwa neno hilo.

Nilikunywa unga ule. Ulikuwa mchungu ajabu, unakwaruza koo. Joto halikuondoka. Nilimwendea Mama Precious kwenye nguo zake, nikaanza kumwambia, "Rafiki yangu, mimi bado..."

Alinifunika mdomo kwa kiganja chake!

"Shindwe!" akasema. "Usikiri hiyo! Sema umepona."

"Lakini jana usiku nimebadilisha nguo mara..."

"Mama Silantoi, hiyo ni dawa inapigana na ugonjwa. Ikipigana si lazima usikie vita?"

Siku ambayo joto lilipungua kidogo kwa sababu mvua ilinyesha, alisema dawa imeshinda. Siku lilipozidi, alisema dawa inapigana. Nilipoumwa kichwa, dawa ilikuwa imefika kichwani. Sasa niambieni, dawa kama hiyo itashindwa lini?

Jumapili moja, aliniinua kwa mkono kutoka kwenye benchi. Sikuwa nimepanga. Watu walianza kupiga makofi, mchungaji akaniita mbele, nikajikuta nimeshika maiki. Jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni chini ya gauni la bluu, nami nikafungua kinywa nikasema, "Bwana asifiwe! Nimepona joto!" Walishangilia. Ibada ilipokwisha, wanawake walimzunguka Mama Precious wakitaka chupa. Aliniangalia juu ya vichwa vyao akanikonyeza jicho, nami nikajiona nimefanya jambo jema.

Mama mkwe wangu ndiye pekee aliyeutilia unga ule shaka. Anaishi upande wa Kajiado, na alikuja kututembelea akiwa na kibuyu chake cha maziwa. Huwa tunaitana Pakerr, yeye na mimi, kwa sababu nilipoolewa alinizawadia kondoo, na kwa desturi ya Wamaasai aliyetoa kondoo na aliyepokea wanaitana hivyo maisha yao yote. Nilipokataa maziwa yake, aliumia. Nikamweleza kwamba niko kwenye dawa, nikamwonyesha chupa.

"Pakerr, hii ni olchani gani?" akaniuliza. Olchani kwa Kimaasai ni mti, na olchani hiyohiyo ni dawa. Neno ni moja.

"Ni ya Kimaasai. Imetoka kwa wazee wa Oltepesi."

"Mimi nimezaliwa Oltepesi." Akamimina unga kidogo kiganjani, akaunusa, akaulamba, akatema. "Olchani iko na jina. Ukiniambia jina, mimi nitajua ni mti gani. Hii haina jina. Hii ni kuni umesaga."

Nilikasirika. Nilimwambia, labda yeye hajui miti yote. Akakubali mara moja. Akasema ni kweli, yeye dawa za miti hajui, hata kichwa kikimuuma huwa anatafuta tembe dukani. Akafunga kibuyu chake. Mimi nikajiona nimeshinda mabishano, jioni nikachemsha unga wangu.

Kisha damu ikarudi.

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita bila hata tone. Asubuhi moja naamka, naona shuka lina doa. Nilishtuka, lakini sitawadanganya... nilishtuka kwa furaha! Nilidhani nimekuwa msichana tena. Nilivuka njia mbio hadi kwa Mama Precious, nikamnong'oneza.

Nakumbuka uso wake. Nimeukumbuka mara nyingi tangu siku hiyo. Alikunja gauni alilokuwa ameshika, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akasema, "Hiyo ni dawa inasafisha. Inatoa uchafu. Endelea kunywa."

Nami nikaendelea kunywa. Tena nikaongeza kijiko!

Lemayian aliposikia, alirudi kutoka kwenye kochi siku hiyohiyo. Tuna mabinti wawili tu, na ingawa hajawahi kunilaumu, najua kuna kitu alichokuwa akikitamani. Sokoni Kiserian akawaambia wenzake kwamba mke wake amerudi ujanani, huenda nyumba ikapata kijana. Kumbe wenzake wana wake, na wake wana midomo. Nilianza kuulizwa na wateja kama ni kweli nina mimba! Na umri huu, na mvi hizi! Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Damu haikwenda kama hedhi. Ilikuja, ikakatika, ikaja tena na mabonge. Nilianza kutembea na leso mbili, moja imefungwa ndani na nyingine nje. Siku moja saa ya chakula cha mchana, hoteli imejaa, nilikuwa nimeinama kuchota supu. Dereva mmoja wa lori la mawe, mtu mzima wa heshima zake, alinijia polepole akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, samahani, geuka upande wa ukuta." Alivua koti lake akanipa nijifunike. Sikuweza hata kumshukuru. Nilikaa nyuma ya hoteli juu ya gunia la makaa mpaka wateja wakaondoka.

Unafikiri niliacha? Sikuacha! Kila nilipotaka kusema ninaumwa, nilisikia kile kiganja mdomoni mwangu. Wanawake waliokuwa wamenunua unga kwa sababu yangu walikuwa wakipita hotelini na kuniuliza, "Mama Silantoi, uko aje?" Mimi, niliyetoa ushuhuda mbele ya kanisa zima, ningejibu nini?

"Niko mzima," nikasema. "Kwa jina la Yesu."

Mwili haukujali nilichokiri. Nilikuwa napika chapati, nikaona kikaango kinakuwa viwili, kisha giza. Bahati yangu niliangukia upande wa meza. Ningeangukia upande wa jiko, leo ningekuwa na mkasa mwingine wa kuwasimulia. Nilipofungua macho, Silantoi alikuwa amepiga magoti kando yangu, ameona damu sakafuni. Mwanangu huyo anafanya kazi katika kiwanda cha nguo, si mtu wa kulialia, lakini siku hiyo alilia.

"Mum, hii imekuwa serious! Twende hosi sahi!"

"Ni dawa inasafisha..."

"Inasafisha nini? Inakumaliza! Amka twende!"

Nilikubali kwa sharti moja, tusiende hospitali yoyote ya Kitengela. Nusu ya wauguzi wa hapa wanakula chapati kwangu, na wengine tunasali pamoja. Habari zingefika kanisani kabla sijafika kitandani. Nikasema tutaenda Kajiado, mbali, ambako hakuna mtu wa kanisa letu. Lemayian akakodi gari. Njiani alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa baridi.

Kule Kajiado tulikaa kwenye benchi tukisubiri daktari wa wanawake. Mkabala nasi kulikuwa na dirisha la kuchukulia dawa. Mwenye kutoa dawa alikuwa kijana wa sauti kubwa, anamweleza kila mtu kama anayeuza nyanya. Nikamsikia anamwambia mama mmoja aliyejifunga kitambaa mpaka machoni, "Hizi ni zile zako za joto, mama. Unameza moja kila siku kama kawaida. Na usiruke kama mwezi ule!"

Yule mama akapokea bahasha, akageuka.

Alikuwa Mama Precious!

Wasomaji, kuna mambo ambayo macho yanayaona na kichwa kinayakataa. Tulitazamana. Sote wawili tulikuwa tumewakimbia watu wa Kitengela, tukakutana Kajiado. Aliisukuma ile bahasha ndani ya mkoba, kana kwamba sijaiona.

"Mama Silantoi... unafanya nini huku?"

"Nimekuja kutolewa uchafu," nikamjibu. "Na wewe?"

Akakaa kando yangu. Lemayian alitaka kuinuka amwambie jambo, nikamzuia. Nilitaka kusikia mwenyewe.

"Hizo tembe umeanza kumeza lini?"

"Zamani kidogo."

"Kabla ya ushuhuda ama baada?"

Akaangalia sakafu. "Kabla."

"Kwa hivyo ulidanganya kanisa. Ulinidanganya mimi."

"Sikudanganya!" akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipopata nguvu. "Mimi nilisema nimepona. Si nilipona? Nilikiri kwa imani tu. Hata wewe si ulikiri? Wewe ulikuwa umepona siku hiyo?"

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nilikuwa na swali moja zaidi, na ndilo lililoua urafiki wetu.

"Huyu daktari wako alipokupa hizo tembe, hakukuambia chochote kuhusu damu?"

Akafunga zipu ya mkoba wake.

"Mama Precious, nakuuliza!"

"Aliniambia," akasema polepole. "Alisema damu ikirudi baada ya kukatika, nisilale nayo. Nikuje siku hiyohiyo."

Alijua! Siku nilipovuka njia nikimnong'onezea kwa furaha, alipokunja gauni na kulikunjua, alikuwa anajua! Angeweza kunishika mkono akanileta huku huku alikokuwa akija mwenyewe kwa siri. Lakini angenileta, ningeuliza amejuaje, na biashara ya chupa ingekufa. Akachagua chupa. Mtu aliyenipikia uji nilipojifungua... nilimkosea nini?

Sikumpiga. Watu huniuliza. Muuguzi aliita jina langu, nikainuka nikaenda.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Aliniuliza nimetumia dawa gani, nikampa ile chupa. Hakucheka wala hakuidharau miti. Aliniambia kuna miti inayosaidia watu, na kuna mingine inayofanya kazi mwilini kama homoni za kike na kuamsha damu, na ndiyo maana alitaka kujua imo miti gani. Sikujua. Baadaye Mama Precious mwenyewe aliulizwa, naye hakujua. Alikuwa akiununua unga ule kwa mtu, ambaye alikuwa akiununua kwa mtu mwingine. Nilikumbuka mama mkwe wangu akitema mate. Kuni umesaga.

Walichukua kipimo kutoka tumboni. Majibu yaliporudi, daktari alinikalisha chini pamoja na Lemayian. Ilikuwa saratani, imeanza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Alisema hawezi kuapa kwamba unga ndio ulioleta ugonjwa, huenda ungekuja hata bila unga. Kosa la unga, alisema, ni kwamba ulinichelewesha. Damu ilikuwa ikipiga kelele niende hospitali, nami nikiisikia kama wimbo.

Nilifanyiwa upasuaji Nairobi. Mfuko wa uzazi ulitolewa. Namshukuru Mungu, ugonjwa ulikuwa haujasambaa, ingawa daktari hakuficha kwamba ningekaa muda zaidi angekuwa na maneno mengine ya kuniambia. Lemayian, aliyekuwa akitangaza mtoto wa kiume Kiserian, alikaa kando ya kitanda changu ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilipomwambia pole, aliniuliza pole ya nini, kwani yeye alikuwa ameoa mfuko wa uzazi? Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Mnadhani mkasa umeishia hapo? Ngojeni niwaambie kinachonikera kuliko vyote.

Nilipopata nafuu nilirudi kwa daktari wa Kajiado nikamwomba tembe za joto, zile za Mama Precious, maana joto lilikuwa halijaniacha hata kidogo. Daktari akatikisa kichwa. Alisema zile zina homoni, na mtu aliyepata ugonjwa kama wangu hapewi. Ningekwenda mapema, kabla ya mambo haya, pengine ningezipata! Sasa ananipa tembe za aina nyingine zinazopunguza kidogo, na amenishauri nipunguze majani ya chai na nilale mahali penye hewa. Dawa iliyomkausha rafiki yangu jasho mimi nimenyimwa, na yeye ndiye aliyenisaidia kunyimwa. Nisikasirike?

Nilirudi kanisani. Wakati wa ushuhuda nilisimama bila kuinuliwa na mtu. Nilichukua maiki nikasema, "Bwana asifiwe. Mimi sikupona joto. Siku ile niliyosema nimepona, nilikuwa nimeloa jasho hapa hapa. Na damu..."

"Mama Silantoi," mchungaji akanikatiza, "tusikiri hayo madhabahuni."

Kijana wa kinanda akaanza kupiga wimbo. Maiki ikazimwa. Lakini mimi ni muuza chapati, wasomaji. Miaka yote hii naita wateja juu ya kelele za soko zima, maiki ya nini? Nikaendelea kwa sauti yangu, juu ya kinanda. Nikawaambia wanawake wote walionunua unga kwa ajili ya ushuhuda wangu kwamba nawaomba radhi. Nikawaambia, mwanamke ambaye hedhi yake imekatika kisha akaona damu, hata tone, asiniulize mimi wala Mama Precious, aende hospitali. Mama Precious alikuwa kwenye benchi letu. Alichukua mkoba wake akatoka nje. Nasikia siku hizi anauzia upande wa barabara ya Magadi, ambako hawajamjua.

Hakuna aliyenipigia makofi siku hiyo. Wengine hadi leo hawanisalimu.

Lakini juma lililofuata, mama mmoja wa kwaya alikuja hotelini wakati hakuna wateja. Aliagiza chai, hakuinywa. Alizungusha kikombe, akazungusha, kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Na kama ni kidogo tu?"

Nilivua aproni, nikafunika unga wa chapati, nikamwambia Silantoi aangalie jiko. Tukaenda pamoja, yeye na mimi, hospitali hii hii ya Kitengela ambayo niliikimbia. Muuguzi aliyetupokea ni mteja wangu. Alinisalimia kwa jina, akauliza tuna shida gani, nasi tukamwambia.

Ndugu zangu wanawake, sijaja kuwakataza miti. Babu zetu waliishi nayo. Lakini mti una jina, na mtu akikuuzia mti asioujua jina, mrudishie. Akikukataza usimwambie daktari, mkimbie. Na kama kuna mtu anakufunika mdomo unapotaka kusema unaumwa, awe rafiki, awe mchungaji, awe nani, mwondolee mkono! Msipite nilikopita mimi.

Lemayian hakurudi tena kwenye kochi. Analala na shuka, koti na kofia ya sufu, kwa sababu dirisha linabaki wazi. Mama mkwe wangu akija, ananipepea kwa kitambaa chake na kuninywesha maziwa, huku akiniuliza, "Pakerr, leo uko aje?"

Namjibu kwamba bado nina joto. Nakiri.